Fahirisi ya soko la hisa kama kipimo cha uwekezaji

Fahirisi ya soko la hisa ni namba moja inayoeleza mwenendo wa bei za hisa nyingi kwa pamoja. Huanzia kwenye thamani ya msingi iliyochaguliwa, kwa mfano 100 au 1,000, halafu hupanda au kushuka kadiri bei za hisa zilizomo zinavyobadilika. Fahirisi ikitoka 1,000 ikafika 1,120, maana yake ni kwamba hisa hizo, kwa ujumla wake, zimepanda kwa asilimia 12.

Fahirisi hutajwa kila siku katika taarifa za habari za biashara, lakini ina kazi nyingine muhimu: ni kigezo cha kupimia kama uwekezaji umefanya vizuri au vibaya. Mfuko wa uwekezaji ukitangaza faida ya asilimia 10 kwa mwaka, namba hiyo peke yake haisemi mengi. Kama soko lilipanda kwa asilimia 25 mwaka huohuo, mfuko umeachwa nyuma sana. Kama soko lilishuka kwa asilimia 5, mfuko umefanya kazi nzuri. Ni sawa na mwanafunzi aliyepata alama 60 katika mtihani: mzazi hawezi kujua kama ni matokeo mazuri mpaka ajue wastani wa darasa na ugumu wa mtihani wenyewe.

Jambo hili linawahusu watu wengi kuliko wale wanaonunua hisa wenyewe. Mfanyakazi anayekatwa mshahara kwa ajili ya pensheni, mkulima aliyenunua vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja na kikundi cha akiba kilichomkabidhi dalali fedha zake, wote wamempa mtu mwingine kazi ya kuzizalisha. Bila kigezo hawana njia ya kujua kama faida wanayopewa imetokana na ustadi wa meneja, imetokana na soko zima kupanda, au ni ndogo kuliko ile ambayo wangeipata bila meneja.

## Historia

Fahirisi za hisa zilianza Marekani. Mwaka 1884 mwandishi wa habari Charles Dow alianza kuchapisha wastani wa bei za hisa 11, nyingi zikiwa za kampuni za reli. Tarehe 26 Mei 1896 alichapisha kwa mara ya kwanza wastani wa kampuni 12 za viwanda, unaojulikana hadi leo kama Dow Jones Industrial Average. Siku hiyo wastani ulikuwa 40.94. Hesabu yake ilikuwa rahisi, kwa sababu ilifanywa kwa kalamu na karatasi: bei za hisa zilijumlishwa, kisha jumla ikagawanywa kwa idadi ya kampuni. Tangu mwaka 1928 fahirisi hiyo ina kampuni 30.

Tarehe 4 Machi 1957 ilizinduliwa fahirisi ya S&P 500, yenye kampuni 500 za Marekani. Kompyuta ndizo zilizowezesha kukokotoa fahirisi kubwa kiasi hicho mara nyingi kwa siku. Masoko mengine nayo yalipata fahirisi zao. Kwa mfano, FTSE 100 ya Uingereza ilianza tarehe 3 Januari 1984 ikiwa na msingi wa 1,000, na DAX ya Ujerumani ilianza mwaka 1988.

Mwanzoni fahirisi zilikusudiwa kueleza hali ya soko tu. Wazo la kuzitumia kuwapima wataalamu wa uwekezaji lilipata nguvu katika karne ya 20. Mwaka 1933 Alfred Cowles wa Marekani alichapisha uchunguzi uliolinganisha ushauri wa watabiri wa soko na mwenendo wa soko lenyewe. Aliona kwamba matokeo yao hayakuwa bora kuliko ya kubahatisha. Mwaka 1968 Michael Jensen alichunguza mifuko 115 ya uwekezaji kwa kipindi cha 1945 hadi 1964. Alihitimisha kwamba, kwa wastani, mifuko hiyo haikufanya vizuri kuliko kununua hisa za soko zima na kutulia nazo.

## Namna fahirisi inavyokokotolewa

Fahirisi mbili za soko moja zinaweza kutoa majibu tofauti kwa siku ileile. Sababu ni uzito unaopewa kila kampuni. Kuna njia tatu kuu:

- Uzito kwa bei: hisa yenye bei kubwa ndiyo yenye nguvu zaidi. Dow Jones na Nikkei 225 ya Japani hutumia njia hii.
- Uzito kwa thamani ya kampuni sokoni: bei ya hisa huzidishwa kwa idadi ya hisa, na kampuni yenye thamani kubwa ndiyo yenye nguvu zaidi. S&P 500, FTSE 100 na fahirisi nyingi za kisasa hutumia njia hii. Mara nyingi huhesabiwa zile hisa tu zinazoweza kununuliwa na umma, si zile zinazoshikiliwa moja kwa moja na wamiliki wakuu.
- Uzito sawa: kila kampuni huhesabiwa sawa na nyingine, iwe kubwa au ndogo.

Tuseme soko lina kampuni tatu. Kampuni A ina hisa milioni 1, kila moja shilingi 1,000, hivyo thamani yake ni shilingi bilioni 1. Kampuni B ina hisa milioni 50 za shilingi 200, thamani yake ni bilioni 10. Kampuni C ina hisa milioni 90 za shilingi 100, thamani yake ni bilioni 9. Soko zima lina thamani ya shilingi bilioni 20.

Hisa ya kampuni A ikipanda kwa asilimia 20 hadi shilingi 1,200, na nyingine zisibadilike, majibu huwa haya:

- Kwa uzito wa bei, jumla ya bei hutoka 1,300 hadi 1,500. Fahirisi hupanda kwa asilimia 15.4.
- Kwa uzito wa thamani, soko hutoka bilioni 20 hadi bilioni 20.2. Fahirisi hupanda kwa asilimia 1.
- Kwa uzito sawa, asilimia 20 hugawanywa kwa kampuni tatu. Fahirisi hupanda kwa asilimia 6.7.

Majibu yote matatu ni sahihi, ila kila moja hujibu swali tofauti. La pili ndilo linaloeleza kilichotokea kwa jumla ya fedha za wawekezaji wote wa soko hilo, na kwa sababu hiyo uzito wa thamani hupendelewa katika kupima mifuko mikubwa.

Ukokotoaji wenyewe unaweza pia kuwa na kosa. Soko la hisa la Vancouver, nchini Kanada, lilianzisha fahirisi yake mwaka 1982 kwa msingi wa 1,000. Kila ilipokokotolewa upya, maelfu ya mara kwa siku, tarakimu baada ya nafasi tatu za desimali zilikatwa badala ya kukadiriwa. Upungufu mdogo uliorudiwa mara nyingi uliishusha fahirisi hadi takriban 525 mnamo Novemba 1983. Ilipokokotolewa kwa usahihi ilionekana kwamba ilipaswa kuwa karibu 1,099. Mtu aliyepima uwekezaji wake kwa fahirisi hiyo kabla ya kurekebishwa angejiona bingwa bila sababu.

## Fahirisi ya bei na fahirisi ya faida yote

Mwenye hisa hupata faida kwa njia mbili: bei ya hisa ikipanda, na gawio analolipwa na kampuni. Fahirisi ya bei huhesabu njia ya kwanza pekee. Fahirisi ya faida yote huchukulia kwamba kila gawio limetumika kununua hisa zaidi.

Namba za S&P 500, FTSE 100 na Dow Jones zinazotajwa kila siku ni za fahirisi ya bei. Ile ya DAX inayotajwa kwa kawaida ni ya faida yote. Kwa hiyo kulinganisha namba ya DAX na ya FTSE 100 bila kurekebisha ni kulinganisha vitu viwili tofauti.

Tofauti hii si ndogo. Mwishoni mwa mwaka 1999 S&P 500 ilikuwa 1,469, na mwishoni mwa 2009 ilikuwa 1,115. Kwa bei peke yake ni hasara ya asilimia 24 katika miaka 10. Gawio likijumlishwa, hasara inabaki takriban asilimia 9.

Kosa linalotokea mara nyingi ni mwekezaji kuhesabu gawio lake mwenyewe, kisha kujilinganisha na fahirisi ya bei. Tuseme hisa zake za shilingi 1,000,000 zimefika 1,080,000 na amepata gawio la 60,000. Faida yake ni asilimia 14. Fahirisi ya bei imepanda kwa asilimia 10, naye anajiona ameishinda. Lakini kama kampuni zilizomo katika fahirisi zililipa gawio la asilimia 7, faida yote ya soko ni asilimia 17. Kwa kweli ameachwa nyuma kwa asilimia 3.

## Kuchagua kigezo kinachofaa

Waswahili husema kila mwamba ngoma huvutia kwake. Meneja aliyeachiwa achague kigezo baada ya mwaka kwisha anaweza kupata kinachompendeza. Kwa hiyo kigezo kizuri huwa na sifa hizi:

- Kimetajwa kwa maandishi kabla ya kipindi cha kupimwa kuanza.
- Kina vitu vya aina ileile ambavyo mfuko unaruhusiwa kununua.
- Kinaweza kununuliwa kweli, yaani mtu wa kawaida angeweza kuweka fedha zake humo badala ya kumpa meneja.
- Hukokotolewa na chombo ambacho si meneja mwenyewe, kwa njia inayojulikana na umma.
- Kiko katika sarafu ileile na kinahesabu gawio na riba sawasawa na mfuko unavyohesabu.

Mfuko wenye hisa na hatifungani haupaswi kupimwa kwa fahirisi ya hisa peke yake. Hupimwa kwa kigezo mchanganyiko. Tuseme mkataba wa mfuko unasema asilimia 40 ya fedha iwe katika hisa na asilimia 60 katika hatifungani. Mwaka huo hisa zilishuka kwa asilimia 5 na hatifungani zilizaa asilimia 12. Kigezo ni 0.4 × (−5) + 0.6 × 12, yaani asilimia 5.2. Mfuko uliopata asilimia 6 umeshinda kigezo chake kwa asilimia 0.8, ingawa mwanachama anayeangalia hatifungani peke yake ataona faida ndogo, na anayeangalia hisa peke yake ataona muujiza.

Sarafu nayo ni muhimu, hasa kwa Mtanzania au Mkenya anayeishi Oman, Ulaya au Marekani na kuwekeza nyumbani. Tuseme fahirisi ya nyumbani imepanda kwa asilimia 10, na katika mwaka huo dola moja imetoka shilingi 2,000 hadi 2,400. Kwa hesabu ya dola, shilingi 1.10 zilizotokana na kila shilingi 1 zina thamani ya asilimia 91.7 tu ya ile ya mwanzo. Mwekezaji huyo amepata hasara ya asilimia 8.3 kwa dola, huku jirani yake anayetumia shilingi akihesabu faida.

Mbali na fahirisi za hisa, kuna vipimo viwili ambavyo kila mwekeza akiba anaweza kuvitumia. Cha kwanza ni mfumuko wa bei: faida iliyo chini yake inapunguza uwezo wa fedha kununua vitu. Cha pili ni riba ya dhamana na hatifungani za serikali, ambayo mtu angeipata bila kubeba hatari ya hisa. Uwekezaji katika hisa ambao kwa miaka mingi umezaa pungufu ya hatifungani za serikali haujamlipa mwenye fedha kwa hatari aliyoibeba.

## Kupima faida ya mwekezaji

Kabla ya kulinganisha na fahirisi, faida yenyewe lazima ipimwe vizuri. Ugumu hutokea pale fedha zinapoongezwa au kutolewa katikati ya kipindi.

Tuseme mwanachama ameweka shilingi 1,000,000 mwezi Januari. Hadi Juni mfuko umepanda kwa asilimia 20, akawa na 1,200,000. Akivutiwa na matokeo hayo anaongeza 1,000,000 nyingine na kuwa na 2,200,000. Katika nusu ya pili mfuko unashuka kwa asilimia 10, naye anamaliza mwaka akiwa na 1,980,000.

Meneja anasema mfuko umepata faida ya asilimia 8, kwa sababu 1.20 × 0.90 ni 1.08. Mwanachama anasema ameweka 2,000,000 na amebaki na 1,980,000, hivyo amepata hasara. Wote wawili wanasema kweli. Hesabu ya meneja huondoa athari ya fedha zinazoingia na kutoka, na ndiyo inayofaa kulinganishwa na fahirisi, kwa kuwa meneja haamui mwanachama alete fedha lini. Hesabu ya mwanachama huzingatia kiasi kilichokuwemo katika kila kipindi. Kwa mfano huu ni hasara ya takriban asilimia 1.3 kwa mwaka. Tofauti kati ya hesabu hizi mbili huonyesha gharama ya kuingia sokoni baada ya bei kupanda.

Jambo la pili ni wastani wa miaka mingi. Uwekezaji uliopanda kwa asilimia 50 mwaka wa kwanza na kushuka kwa asilimia 50 mwaka wa pili una wastani wa kawaida wa sifuri. Lakini shilingi 1,000,000 ilifika 1,500,000 na kurudi 750,000. Hasara ni asilimia 25, sawa na asilimia 13.4 kwa kila mwaka. Ndiyo maana faida za miaka mingi huzidishwa, hazijumlishwi.

## Gharama

Fahirisi haina mshahara, kodi wala ada ya dalali. Uwekezaji halisi una vyote hivyo. Faida ya kulinganishwa na fahirisi ni ile inayomfikia mwenye fedha baada ya makato.

Ada ndogo ya kila mwaka hukua kwa muda mrefu. Shilingi 1,000,000 inayozaa asilimia 10 kwa mwaka hufika takriban 6,727,000 baada ya miaka 20. Ikiwa ada ya asilimia 2 inaishusha faida hadi asilimia 8, hufika takriban 4,661,000. Mwenye fedha amepoteza zaidi ya shilingi 2,000,000, yaani zaidi ya mara mbili ya akiba aliyoanza nayo.

## Hatari

Meneja anaweza kuishinda fahirisi kwa kubeba hatari kubwa kuliko ya soko, kwa mfano kwa kukopa fedha au kununua hisa za kampuni chache zinazoyumba. Soko likipanda huonekana stadi, likishuka hasara yake huwa kubwa kuliko ya wengine. Kwa sababu hiyo faida hulinganishwa pamoja na kiwango cha kuyumba kwake.

Kipimo kinachotumika sana kilipendekezwa na Mmarekani William Sharpe mwaka 1966. Faida ya mfuko hutolewa riba ya dhamana za serikali za muda mfupi, kisha kinachobaki hugawanywa kwa kiwango cha kuyumba. Tuseme riba hiyo ni asilimia 8. Mfuko wa kwanza umepata asilimia 18 na unayumba kwa asilimia 20: (18 − 8) ÷ 20 ni 0.5. Mfuko wa pili umepata asilimia 15 na unayumba kwa asilimia 10: (15 − 8) ÷ 10 ni 0.7. Mfuko wa pili umepata faida ndogo, lakini umelipa vizuri zaidi kwa kila kiasi cha hatari uliochukua.

## Je, mameneja huishinda fahirisi?

Mwaka 1991 Sharpe alieleza hoja ambayo haihitaji takwimu. Wawekezaji wote kwa pamoja ndio soko. Wale wanaofuata fahirisi hupata faida ya soko. Kwa hiyo wale wanaochagua hisa, wakijumlishwa pamoja, nao hupata faida ya soko kabla ya gharama. Kwa kila anayeshinda lazima awepo anayeshindwa. Gharama zikiondolewa, wachaguaji kwa wastani hubaki nyuma, kwa sababu gharama zao ni kubwa zaidi.

Hoja hii haisemi kwamba hakuna meneja anayeweza kushinda. Inasema kwamba wote hawawezi kushinda kwa pamoja, kama ambavyo darasa zima haliwezi kuwa juu ya wastani wake lenyewe.

Mfano mashuhuri ni dau la Warren Buffett. Alidai kwamba mfuko unaofuata S&P 500 ungeishinda mifuko iliyochaguliwa na wataalamu, kwa miaka 10 kuanzia tarehe 1 Januari 2008. Ted Seides wa kampuni ya Protégé Partners alikubali dau na kuchagua mifuko mitano, ambayo kila mmoja uliwekeza katika mifuko mingine mingi yenye ada kubwa. Mwaka wa kwanza soko la Marekani lilianguka, na mifuko mitano ilikuwa mbele. Mwishoni mwa 2017 mfuko wa fahirisi ulikuwa umepata jumla ya asilimia 125.8, na mfuko bora kati ya mitano ulikuwa umepata asilimia 87.7. Fedha za dau zilikwenda kwa shirika la hisani linalosaidia wasichana mjini Omaha.

Mfuko wa kwanza wa fahirisi kwa ajili ya watu wa kawaida ulianzishwa Marekani mwaka 1976 na John Bogle wa kampuni ya Vanguard. Ulitarajiwa kukusanya dola milioni 150, lakini ulipata takriban milioni 11 tu. Baadaye mifuko ya namna hiyo ilienea, na sasa ni kati ya mifuko mikubwa kabisa duniani.

## Fahirisi za Afrika Mashariki

Soko la Hisa la Nairobi lina fahirisi ya NSE 20, yenye kampuni 20 na msingi wa 100 mwaka 1966, na fahirisi ya hisa zote iitwayo NASI, iliyoanza mwaka 2008 kwa msingi wa 100. NSE 20 hutumia wastani wa kijiometri unaozipa kampuni zake uzito sawa. NASI hutumia uzito wa thamani.

Tofauti hiyo imezaa picha mbili zinazopingana. Mwanzoni mwa 2008 NSE 20 ilikuwa juu ya 5,000. Mwishoni mwa 2020 ilikuwa chini ya 2,000. Kwa kipindi hichohicho NASI ilitoka 100 na kuvuka 150. Yaani soko lilelile lilipoteza zaidi ya asilimia 60 kwa kipimo kimoja, na kupanda kwa zaidi ya nusu kwa kipimo kingine. Sababu kubwa ni Safaricom. Hisa zake ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya, na mwishoni mwa 2020 bei ilikuwa zaidi ya shilingi 30. Katika NSE 20 ni kampuni moja kati ya 20, lakini katika NASI kuna nyakati ambapo ilibeba zaidi ya nusu ya uzito wote.

Mfuko wa pensheni unaojizuia kuweka fedha nyingi mno katika kampuni moja hauwezi kuifuata NASI katika hali kama hiyo, na ukipimwa kwa NSE 20 utaonekana bora kuliko ulivyo. Mwanachama anayesoma taarifa ya mfuko wake anapaswa kwanza kuuliza fahirisi ipi imetumika.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara tarehe 15 Aprili 1998. Lina fahirisi ya hisa zote, DSEI, na fahirisi ya kampuni za ndani, TSI. Katika DSEI zimo pia kampuni za Kenya zilizoorodheshwa katika masoko yote mawili, kama KCB na East African Breweries. Bei zao huenda na soko la Nairobi. Mtu mwenye hisa za CRDB, NMB na Twiga pekee anafaa kujilinganisha na TSI. Uganda nayo hutofautisha fahirisi ya hisa zote na ile ya kampuni za ndani.

Masoko haya yana tatizo la hisa kutouzwa mara kwa mara. Hisa isiyouzwa kwa siku kadhaa hubaki na bei ya zamani katika fahirisi. Hivyo fahirisi inaweza kuonekana imetulia wakati wauzaji wapo na wanunuzi hawapo. Kwa sababu hiyo kulinganisha matokeo ya wiki au mwezi mmoja katika masoko madogo hakufai.

## Makosa ya kawaida

- Kuchagua tarehe ya kuanzia. Nikkei 225 ilifunga kwa 38,915.87 tarehe 29 Desemba 1989, na haikuvuka kiwango hicho hadi Februari 2024. Aliyeanza kuhesabu siku hiyo na aliyeanza miaka 20 baadaye wanasimulia soko lilelile kwa namna mbili tofauti kabisa.
- Kusahau mifuko iliyokufa. Mifuko iliyofanya vibaya hufungwa au kuunganishwa na mingine. Orodha ya mifuko iliyopo leo ina waliosalia tu, hivyo wastani wake hupendeza kuliko ukweli.
- Kuamua kwa mwaka mmoja. Bahati ya mwaka mmoja haitofautiki na ustadi. Miaka mitano au zaidi, yenye kupanda na kushuka ndani yake, hutoa picha bora.
- Kubadilisha kigezo njiani. Mfuko uliokuwa ukijilinganisha na fahirisi moja na ghafla ukatumia nyingine unapaswa kueleza sababu, na kuonyesha matokeo kwa vigezo vyote viwili.
- Kuangalia hisa zilizopanda tu. Mwekezaji hukumbuka hisa moja iliyomtajirisha na kusahau tatu zilizolala. Kinacholinganishwa na fahirisi ni jumla ya fedha zote.

## Mipaka ya fahirisi

Kushinda fahirisi si lengo la kila mwekezaji. Mwaka 2008 S&P 500 ilipata hasara ya asilimia 37, gawio likiwemo. Mfuko uliopata hasara ya asilimia 30 uliishinda fahirisi kwa asilimia 7, lakini mstaafu aliyehitaji fedha zake mwaka huo hakupata faraja yoyote kwa ushindi huo. Kwake yeye kipimo cha kwanza ni kama fedha zinatosha matumizi yake kwa wakati anaozihitaji. Fahirisi hujibu swali la pili: je, kwa fedha zilizowekwa katika hisa, aliyekabidhiwa kazi amestahili ada yake?

Fahirisi pia haina kampuni zilezile siku zote. Zinazodhoofika huondolewa na zinazokua huingizwa. General Electric, moja ya kampuni 12 za mwaka 1896, iliondolewa katika Dow Jones mwaka 2018. Kwa hiyo aliyenunua hisa za kampuni moja na kuzishikilia maisha yake yote anajilinganisha na kikosi kinachobadilishwa wachezaji kila wanapochoka.

## Tazama pia

- Hisa
- Hatifungani
- Mfumuko wa bei
- Soko la Hisa la Dar es Salaam
- Soko la Hisa la Nairobi